Sauti Ndani ya Chupa Nyeupe

Je, ni mimi niliyemchoma mtoto wa dada yangu?

Swali hilo lilinikesha, na kulipopambazuka lilikuwa limeshazaa mengine. Kama ni mimi, nilikosea wapi: kwenye mafuta, kwenye chokaa, au kwenye kalamu? Kama si mimi, mbona ngozi yake ilikuwa nyekundu mahali palepale dawa yangu ilipopakwa, na si pengine? Na kama sijui, kwa nini sahihi yangu ilikuwa chini ya karatasi iliyosema kwamba dawa haina kasoro?

Mtoto alikuwa na wiki tano. Dada yangu alikuwa amerudi nyumbani kwetu, mtaa wa Panda, Likasi, kujifungua mtoto wake wa kwanza, kama desturi inavyotaka, ingawa mama wa kumpokea hakuwapo tena. Mama yetu alifariki nilipokuwa mwaka wa tatu chuoni. Aliyempokea dada ni papa, baba yetu. Mwanamume aliyemaliza maisha yake ya kazi kati ya mabomba na matangi ya kiwanda cha shaba alijifunza kufua nepi, kukoroga uji wa mzazi, na kumbeba mjukuu kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukichochea makaa.

Ilikuwa mwezi wa sita, wakati wa baridi yetu, asubuhi zile ambazo unaiona pumzi yako mwenyewe. Papa aliamka kabla ya wote, akawasha mbabula, lile jiko letu la makaa, pale barazani, na moshi ulipokwisha akalizungushia vitu vya mtoto kama watu wanaoota moto: beseni, taulo, nepi, kofia ya sufu, na vyote vingine vya siku hiyo. Kila kimoja alikigusisha shavuni mwake kabla ya kukipeleka ndani. Kikiwa bado baridi, kilirudi motoni.

Nilipomcheka, alisema, "Mama yenu njo alinifundishaka. Mutoto akizaliwa mu baridi, kila kintu inapita ku moto kwanza."

Mimi papa ananiita "mama", kwa sababu nina jina la mama yake. Nimezoea kuitwa hivyo tangu utotoni, lakini tangu mama mwenyewe aondoke, neno hilo hunigusa mahali pengine.

Dawa niliyokuwa naiogopa ni rahisi, na ni ya zamani. Unachukua mafuta ya karanga na maji ya chokaa, nusu kwa nusu, unavipiga pamoja mpaka vinakuwa kitu kimoja cheupe na kizito. Wafamasia wa kwetu wanaiita linimenti, na akina mama huipaka kwenye matako ya watoto wachanga kila wanapobadilisha nepi. Nilikuwa naitengeneza kwa mfamasia mmoja wa mjini ambaye sote tulimwita Madamu, mwanamke wa sauti ndogo na miwani mikubwa. Alinipa nafasi katika chumba cha nyuma cha duka lake mwezi mmoja tu baada ya mimi kumaliza chuo Lubumbashi. Chokaa safi ya kufanyia dawa ilimfikia katika kopo dogo lililofungwa mara tatu.

"Kakontwe inajaza malori ya chokaa kila siku," alizoea kusema akilifungua, akimaanisha machimbo ya chokaa ya jirani, "na shiye tunanunua hii kiloko, sawa marashi ya bibi arusi."

Nilicheka mara ya kwanza kwa adabu, na mara nyingine zote kwa kweli.

Ukitazama ndani ya linimenti, kama macho yako yangeweza, ungekuta matone madogo mno ya maji yametawanyika katika mafuta, kila tone limevaa ngozi nyembamba ya sabuni inayojiunda yenyewe pale chokaa inapokutana na mafuta. Wataalamu wanauita mchanganyiko wa namna hiyo emulsioni. Matone yakibaki madogo na yakikaa mbalimbali, ngozi ya mtoto inalindwa. Yakianza kuungana, yanakuwa makubwa, yanashuka, na chini ya chupa yanajikusanya maji ya chokaa yaliyokosa mafuta ya kuyatuliza. Hayo yanachoma. Shida ni kwamba linimenti ni nyeupe ikiwa nzima, na ni nyeupe vilevile ikiwa imeanza kuharibika. Jicho linafika kwenye ule weupe na kukwama.

Sauti haikwami. Ndiyo iliyokuwa maana ya kazi yangu ya mwisho chuoni: namna ya kupitisha ultrasoni, yaani sauti nyembamba ambayo sikio la mtu haliisikii, ndani ya dawa za aina hii, ili kujua matone yake yanaishije bila kuifungua wala kuichafua. Katika maji sauti hukimbia zaidi kuliko katika mafuta. Ukiipima juu ya chombo, kisha chini, na mwendo ukawa mmoja, matone bado yametawanyika sawasawa. Mwendo ukitofautiana, maji na mafuta yameanza kuagana. Na jinsi sauti inavyochoka njiani inakueleza kitu juu ya ukubwa wa matone yenyewe.

Niliandika kurasa sitini juu ya hayo. Mashini yenyewe sikuwahi kuigusa. Chuo hakikuwa nayo. Nilisoma makala za wengine kwenye simu, nikachora upya michoro yao. Siku ya kuitetea kazi hiyo, mwalimu mmoja aliniuliza kwa upole kama naijua harufu ya hiyo mashini inapopata moto. Watu walicheka. Nilipewa alama nzuri, lakini ni lile swali nililorudi nalo Likasi.

Madamu aliposikia juu ya kazi yangu, aliuliza jambo moja tu: "Na mashini iko fasi gani?"

Haikuwapo popote nilipopajua. Jioni ile, mezani, nilimlalamikia papa. Alikuwa anafinyanga tonge la bukari, ugali wetu, akasimamisha mkono.

"Ile inapigaka sauti mu chuma na kungoja irudi?"

"Ndiyo, papa. Unaijua?"

Alinawa, akaingia chumbani, akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Lile sanduku la chuma la rangi ya kijivu nililikwepa kwa ufagio miaka yote ya utoto wangu, nikidhani lina vyuma chakavu. Ndani kulikuwa na mashini yenye kioo kidogo cha mviringo, vitufe vitano, na waya uliobeba kichwa cha ukubwa wa kizibo cha chupa. Ndiyo aliyokuwa akipimia kuta za mabomba na matangi, kujua asidi imekula kiasi gani kabla ya bomba kupasuka. Siku aliyoaga kazi, mkuu wa karakana yao alimpa aende nayo, kwa kuwa ganda lake lilikuwa na ufa na mpya ilikuwa imefika.

Tuliiunganisha na betri ya pikipiki. Mstari wa kijani ukatokea kiooni, ukatetemeka, ukatulia. Papa alipaka grisi kidogo kwenye kichwa, akakibana kwenye ubao wa chuma wa mlango, na kwenye mstari ule vikainuka vilima vikali, kimoja nyuma ya kingine.

"Bila mafuta sauti haiingie," alisema. "Inaogopaka hewa. Kila kilima ni sauti yenye kurudi. Ukiona imekuya mbio, chuma ni chembamba."

"Na mimi nataka kinyume, papa. Unene naujua. Nataka kujua imekimbia namna gani."

Aliwaza, akatikisa kichwa, akacheka peke yake. "Miaka yote hiyo, na sikuiulizaka hivyo."

Nikainusa. Ina harufu ya vumbi lililoungua na mpira.

Nilitengeneza kijisanduku cha plastiki angavu, chembamba, chenye kuta mbili zinazolingana, nikachora alama mbili ubavuni, moja juu na moja chini. Papa alikishika, mimi nilibana kichwa na kusoma mahali kilima cha mwisho kilipoangukia. Yeye ndiye aliyenifundisha kitufe cha kuvuta kioo ili hatua ndogo ya kilima ionekane kubwa. Wiki tatu nilizijaza na vipimo vya linimenti iliyokaa kwenye rafu ya Madamu. Kila siku, alama ya juu na ya chini zilisema neno moja. Nilipima mara tano kitu ambacho mtu mwenye akili iliyotulia angepima mara moja. Mwishowe nikaandika karatasi ya ukaguzi: mchanganyiko umetulia, haujaachana. Nikatia sahihi. Madamu akagawa chupa sita kwa wazazi wa mtaa wetu wazijaribu, ya kwanza kwa dada yangu, na akaahidi nyingine arobaini kwa materinite, nyumba moja ya uzazi, zipelekwe Jumatatu.

Alhamisi dada aliniita kabla sijavua viatu.

"Mudogo, kuya uone matako ya mutoto. Inakuwa nyekundu sawa pilipili."

Nilitazama. Mtoto alikuwa anavuta miguu juu kila hewa ilipomgusa. Dada hakunilaumu, na hilo lilinitesa zaidi. Alimwosha kwa maji matupu, akampepea na kanga, akaniuliza kama nimekula.

Ijumaa nilichukua chupa ya akiba iliyotengenezwa siku moja na ya dada, nikaipima kazini. Juu na chini, neno moja. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilianza kuandika orodha ya washukiwa: sabuni ya kufulia, mkojo, nepi iliyokaza, grisi ya papa iliyoingia kwenye kijisanduku, plastiki yenyewe, kioo kilichozeeka, macho yangu. Nilimhoji dada kama askari wa mpakani. Alinijibu maswali saba, la nane akalikataa.

"Weye unawaza mpaka unasahau kupumua," alisema. "Pima chupa yangu basi, uache kunipima minye."

Ndilo jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa napima chupa za rafuni, zilizokaa kama wageni wenye adabu. Ile iliyomgusa mtoto sikuigusa.

Jumamosi asubuhi nikamuuliza iko wapi.

"Iko na papa," akasema.

Niliikuta barazani. Ilikuwa imesimama kati ya beseni na taulo, shubiri mbili kutoka kwenye makaa, imegeuziwa ubavu wa pili kama kiazi kinachochomwa. Papa alikuwa ameketi nyuma yake na mtoto kifuani. Alinyoosha mkono, akaiokota, akaigusisha shavuni.

"Iko tayari," akaniambia. "Unaitaka?"

Ilikuwa na joto la mkate uliotoka tanurini sasa hivi. Niliimimina kwenye kijisanduku, nikaleta mashini niliyorudi nayo kutoka kazini, nikapaka grisi. Kwa macho, ilikuwa nyeupe kabisa. Kwenye alama ya juu, kilima kilisimama mahali pake. Kwenye alama ya chini, kilikuwa kimesogea kushoto, mistari miwili mizima, maana sauti ilirudi mapema kama katika maji, na kilikuwa kirefu kuliko cha juu, maana ilichoka kidogo tu.

Nilitaka kuamua palepale, lakini nikajizuia. Joto peke yake hubadili mwendo wa sauti: maji yanapopata moto sauti huongeza mbio, mafuta yanapopata moto hupunguza. Huenda nilikuwa napima moto tu, si uharibifu. Nikamwambia papa lazima tungoje kijisanduku kipoe mpaka kiwe kama hewa ya baraza.

"Tungoje," akasema. Hakuna mtu anayejua kungoja kama mtu aliyepima mabomba.

Tukakaa. Jua lilipanda juu ya paa la jirani. Mtoto alilala, akaamka, akanyonya, akarudi kifuani kwa babu yake. Nilikigusa kijisanduku mara nyingi mno mpaka papa akanipiga kofi dogo la vidole: "Acha, mama. Mukono yako nayo ni moto."

Kilipopoa nikapima tena. Vilima vilikuwa bado vimeachana. Nikakitikisa kwa nguvu, nikapima haraka: vilirudi pamoja. Nikashusha pumzi. Kisha, mbele ya macho yangu, kilima cha chini kikaanza kutambaa tena kushoto, taratibu, kama mtu anayetoka ibadani kabla ya sala kuisha. Dada alikuwa ametia maji ya bukari motoni nilipotikisa; kabla bukari haijaiva, vilima vilikuwa mbali kama mwanzo. Chupa ya rafuni ilishinda wiki tatu bila kusogea. Kutikisa hakungetosha. Matone yalikuwa yameshaungana, na kila asubuhi ya moto iliyaunganisha zaidi.

Nilikuwa nimeinama kwenye kioo, nikiandika, ndipo nikamsikia papa.

"Ni moto," alisema.

Nikaweka kalamu chini.

"Ni moto yangu, mama? Ni minye?"

Nilikuwa nimelibeba swali hilo siku mbili nikidhani ni langu peke yangu. Kulisikia kinywani mwake, katika sauti ile ya chini, akiwa na mtoto kifuani, nilitaka kudanganya. Niliwaza haraka, kama kawaida yangu, njia nne za kudanganya. Kila njia ilianguka kwenye kile kioo cha kijani kilichokuwa mbele yetu sote wawili, ambacho yeye alikisoma vizuri kuliko mimi.

"Ni moto, papa," nikasema. "Lakini dawa ndiyo iliyoshindwa. Mimi niliipima bila kukuuliza unaitumiaje."

Alimpa dada mtoto, akainua mbabula kwa vishikio vyake, akalirudisha uani, akamwagia makaa maji.

Jumapili hakuwasha. Mtoto alioshwa kwa maji yaliyochemshwa jikoni, lakini taulo lilikuwa baridi, kofia ilikuwa baridi, na mtoto alilia kwa namna ambayo hatukuwahi kumsikia akilia. Papa alisimama mlangoni na mikono yake mitupu. Nimemwona papa kwenye msiba wa mama, na bado sikuwa nimemwona hivyo.

Baada ya ibada nilipita kwa wazazi wengine watano waliopewa chupa. Kwa mmoja mtoto alikuwa na wekundu mdogo kwenye paja. Kwa wengine bado. Niliwauliza wanaitunzaje dawa. Mmoja anaianika juani juu ya bati la banda la kuku. Mmoja anaizamisha katika maji ya moto. Mmoja anailaza kifuani mwake, ndani ya nguo, usiku mzima. Wawili ni mbabula, kama sisi. Yule wa banda la kuku alinitazama kwa huruma.

"Weye utamupakaa mutoto kintu ya baridi mu mwezi wa sita?" aliniuliza. "Ulisomeaka fasi gani?"

"Lubumbashi," nikasema.

"Ah," akasema, kana kwamba hilo limeeleza yote.

Niliwaomba waache kuipaka hadi niwaambie. Kila mmoja aliuliza kwa nini, na kila mmoja nilimjibu kwa maneno mengi kuliko aliyohitaji.

Jumatatu katoni mbili zilikuwa mlangoni kwa Madamu, zimefungwa kwa gundi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza bila kunikatiza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Bon," alisema. "Hii ni nyepesi. Tunaandika ku etiketi: usipashe ku moto. Inaisha. Leta kalamu."

Ilikuwa kweli nyepesi. Mstari mmoja chini ya jina la dawa, na karatasi yangu ingebaki ya kweli, maana rafuni, bila moto, linimenti yangu haikuwa na kosa lolote. Nyumba ya uzazi ingepata chupa zake. Madamu asingekuwa na aibu ya ahadi. Mimi, mgeni wa miezi mitatu, nisingekuwa msichana aliyesimamisha kazi ya mtu aliyemwamini. Nilisimama pale na kalamu mkononi, nikiona pande zote za jambo, kama ninavyoona siku zote, mpaka nikawa sioni njia.

Kisha, akilini, nikamwona papa mlangoni kwetu, na mikono yake mitupu. Mstari ule wa etiketi ungewaambia watu wote kama yeye kwamba wamekosea. Wangeusoma wachache. Wengine wangeendelea kupasha, kwa sababu ndivyo mtoto anavyopendwa kwetu wakati wa baridi, na chini ya chupa zao maji yangejikusanya katika weupe, na wao wasingeona.

"Madamu," nikasema, "hawataacha. Mimi mwenyewe sitaacha nikizaa. Dawa ya mtoto isiyovumilia moto wa nyumbani bado haijawa dawa."

"Unajua materinite iko nangoja?"

"Najua."

"Nani atawaambia?"

Nilikuwa nimetumaini hataliuliza. "Mimi," nikasema.

Nikatoa karatasi ya ukaguzi kwenye faili. Nikachora mstari juu ya sahihi yangu, mmoja, ulionyooka, ili iendelee kusomeka, na chini yake nikaandika: Imepimwa rafuni tu. Ikipashwa moto inaachana, na kutikisa hakuirudishi. Isitolewe. Nikatia sahihi mpya. Madamu aliisoma mara mbili. Akachukua wembe, akakata gundi ya katoni ya kwanza mwenyewe.

"Una maandishi mabaya sana," alisema, "lakini inasomeka."

Nilitembea hadi nyumba ya uzazi, nikawaambia. Hawakunila. Muuguzi mkuu aliuliza itachukua muda gani, nikasema sijui, na ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu neno hilo halikuniwasha ulimini. Jioni nilizunguka mtaani nikakusanya chupa tano, na ya dada ikawa ya sita.

Juma lile nilijaribu tena, na nta ya nyuki ndani yake safari hii, ile nta ya njano inayouzwa pamoja na asali kando ya barabara ya Mulungwishi. Niliiyeyusha, nikaichuja mara tatu, nikaipiga pamoja na mafuta kabla ya maji ya chokaa kuingia, ili matone yapate koti la pili. Mtoto alikuwa ameshapona. Mafuta matupu na hewa vilitosha. Lakini mbabula lilikuwa bado liko uani, limejaa majivu yaliyolowa.

Jumamosi asubuhi nililisafisha mwenyewe, nikatia makaa, nikalileta barazani. Papa alitoka akanikuta nahangaika na kiberiti.

"Mutoto amekwisha kuoga," alisema.

"Si ya mtoto, papa. Ni kazi." Nikampa chupa mpya. "Ipashe. Fanya sawa unafanyaka kila siku. Usipunguze."

Aliishika, akaigeuza, akautazama ule weupe wake usiosema kitu. "Na ikishindwa?"

"Ikishindwa tutaona kwenye kioo, nitaanza tena, nawe utapasha tena. Siandiki tena karatasi kabla ya moto wako."

Akachutama, akaninyang'anya kiberiti mkononi mwangu kwa sababu nilikuwa nakiwasha vibaya, akapuliza makaa mpaka yakawa mekundu, akaisimamisha chupa shubiri mbili kutoka kwenye moto. Dada alitoka na mtoto, akaona, hakuuliza. Alirudi ndani akaleta taulo na kofia, akavipanga kando ya chupa. Papa alizungusha kila kimoja kwa wakati wake. Alipoona imetosha, aliiokota chupa na kuigusisha shavuni, macho yamefumbwa.

"Sasa," alisema.

Nilimimina linimenti kwenye kijisanduku, nikakiweka kando kipoe, nikarudisha mikono yangu mapajani ili isikiguse. Tulingoja. Kilipokuwa baridi kama hewa ya baraza, papa alikishika kwa ncha za vidole, nami nikapaka grisi, nikawasha mashini, nikabana kichwa chake kwenye alama ya chini, na kilima kikasimama mahali pake.